Kocha Aliyeachwa Akae: Nakivale, Mbarara na Makocha Watatu

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 2019, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikutana mjini Cairo katika mechi yao ya ufunguzi ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Sidhani kama kuna mahali Afrika Mashariki palipokuwa na sababu ya kuitazama mechi ile kwa roho mbili kama makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wenyeji wa wilaya ya Isingiro ni Waganda wa damu na wa pasipoti. Majirani zao waliokaa nao benchi moja, Wakongo, ndio kundi kubwa kuliko yote katika makazi yale.

Nakivale iko kusini mwa Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Waliokuja baadaye ni wengi: Wanyarwanda wengine baada ya 1994, Wakongo tangu vita vya 1996 na 1998, Wasomali, Waethiopia, kisha Warundi kwa wingi mwaka 2015. Kufikia 2019 walikuwa zaidi ya laki moja, wametawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Ukitaka kuzungumza na watu wa mataifa haya yote bila mkalimani, lugha iliyopo ni Kiswahili. Kipo cha Bukavu, cha Uvira, cha Bujumbura, na kile walichojifunzia njiani.

Na ukitaka kuwakuta mahali pamoja, nenda kibanda cha video siku ya mechi. Ni nyumba ya mbao na mabati, nje pana ubao ulioandikwa ratiba kwa chaki, ndani benchi zisizo na egemeo zimepangwa kama za kanisani, na mlangoni yupo kijana anayekusanya kiingilio. Umeme ukikosekana, jenereta hunguruma nyuma ya ukuta na mtangazaji husikika nusu nusu. Hapo ndipo soka la dunia hufika Nakivale, na hapo ndipo sera za soka za nchi nzima hujadiliwa kwa ukali unaoweza kuwatoa jasho viongozi wa shirikisho.

Mwaka ule mjadala ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Tanzania ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza tangu 1980. Burundi, chini ya mzawa Olivier Niyungeko, ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kenya ilikuwemo. Kongo ilikuwemo, kama kawaida. Uganda nayo ilikuwa inarudi kwa mara ya pili mfululizo.

Siku ile Cairo, kwenye benchi la Kongo alisimama Florent Ibengé, mzaliwa wa Mbandaka, aliyekuwa na miaka mitano kazini. Kwenye benchi la Uganda alisimama Mfaransa Sébastien Desabre, mwenye miezi 18 tu. Dakika ya 14 Patrick Kaddu alifunga kwa kichwa. Dakika ya 48 Emmanuel Okwi akafunga la pili, nalo kwa kichwa. Mbili bila. Uganda ilikuwa haijashinda mechi ya fainali hizi tangu Machi 1978, zaidi ya miaka 41.

Mtu aliyetoka kibandani jioni ile angeweza kusema kwamba mjadala umekwisha: kocha mgeni amemshinda kocha mkongwe, kwa hiyo miaka si hoja. Ndivyo wengi wanavyohukumu, na ndivyo bodi nyingi za vilabu vyetu zinavyohukumu. Ukifuata nyuzi za mechi ile nyuma na mbele, unakuta hadithi tofauti kabisa.

Tuanze na Ibengé, maana ndiye aliyefungwa.

Ibengé alichukua AS Vita Club ya Kinshasa mwanzoni mwa 2014. Mwaka uleule aliifikisha fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako ES Sétif ya Algeria ilitwaa kombe kwa faida ya bao la ugenini: 2–2 Kongo, 1–1 Algeria. Agosti 2014 akakabidhiwa pia timu ya taifa, bila kuiacha Vita. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa kocha mmoja kubeba klabu kubwa na nchi nzima huzua maswali ya upendeleo. Lakini kulikuwa na faida ambayo haikuonekana mara moja. Mtu aliyekuwa akiwanoa vijana wa ligi ya ndani kila asubuhi ndiye aliyekuwa akichagua timu ya taifa. Aliwajua mpaka wanavyopumua.

Oktoba 2014 Kongo ikaenda Abidjan na kuifunga Ivory Coast 4–3. Katika fainali za 2015 kule Guinea ya Ikweta ilitoka sare mechi zote tatu za makundi, ikavuka. Robo fainali dhidi ya ndugu zao wa Brazzaville ilikuwa nyuma 2–0 na ikashinda 4–2. Ikamaliza ya tatu Afrika.

Kisha ikaja 2016. Michuano ya CHAN, ile ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu, ilifanyika Rwanda, nchi jirani, si mbali na Isingiro. Robo fainali Kongo iliwatoa wenyeji Rwanda 2–1 katika muda wa nyongeza kwenye uwanja wa Amahoro, Kigali. Nusu fainali ikaiondoa Guinea kwa matuta. Tarehe 7 Februari ikaichapa Mali 3–0 katika fainali, Meschack Elia akifunga mawili na Jonathan Bolingi moja. Kombe hili halitolewi kwa timu iliyokusanywa wiki moja kabla ya mechi. Hakuna nyota wa Ulaya wa kukuokoa. Unapata kile ulichokipanda kwenye ligi yako, na Ibengé alikuwa amepanda kwa miaka miwili.

Lakini jambo ninaloliona kubwa zaidi lilitokea pale aliposhindwa. Tarehe 5 Septemba 2017, Kinshasa, Kongo iliongoza 2–0 dhidi ya Tunisia katika kuwania Kombe la Dunia la 2018. Tunisia ikarudisha yote mawili. Mwisho wa kundi Tunisia ilikuwa na pointi 14, Kongo 13. Pointi moja iliwazuia Wakongo kurudi mahali ambapo hawakuwa wamefika tangu Zaire ya 1974. Katika nchi nyingi za ukanda wetu kibarua kingeota nyasi usiku uleule. Ibengé aliachwa aendelee. Mwaka uliofuata Vita yake ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuikosa kwa bao moja tu kwa jumla ya mabao mbele ya Raja Casablanca, na Kongo ikafuzu fainali za 2019.

Hivyo ndivyo alivyofika Cairo. Alifungwa na Uganda, akafungwa na Misri, akaichapa Zimbabwe 4–0, akatolewa na Madagascar kwa matuta baada ya sare ya 2–2. Agosti 2019 safari yake na taifa ikaisha.

Sasa geukia upande wa walioshinda. Desabre alikuwa na miezi 18, ndiyo. Timu aliyokuwa nayo ilikuwa na umri gani?

Agosti 2008 Uganda ilimwajiri Mskoti Bobby Williamson. Alikaa karibu miaka mitano, kipindi kirefu mno kwa viwango vyetu. Alitwaa Kombe la CECAFA mara nne: 2008, 2009, 2011 na 2012. Lakini kila alipoufikia mlango wa Kombe la Mataifa ya Afrika, uligoma. Oktoba 2011 Uganda ilihitaji ushindi nyumbani, uwanja wa Namboole, dhidi ya Kenya, ikatoka 0–0. Oktoba 2012, palepale Namboole, iliifunga Zambia, mabingwa wa Afrika wa wakati ule, 1–0, ikasawazisha matokeo ya mechi ya kwanza, kisha ikapoteza kwa matuta 9–8. Aliyekuwa na umri wa kufuatilia soka siku ile magharibi mwa Uganda bado anakikumbuka kimya chake. Aprili 2013, baada ya kufungwa 2–0 na Liberia huko Monrovia, Williamson akafungashiwa virago.

Mei 2013 akaja Mserbia Milutin Sredojević, ambaye kila mtu anamwita Micho na ambaye Waganda walimjua tangu enzi zake za SC Villa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuivunja nyumba aliyoikuta. Denis Onyango aliendelea langoni, Okwi akaendelea mbele, na taratibu wakaongezwa akina Khalid Aucho, Murshid Juuko na Farouk Miya. Micho naye alishindwa kwanza. Septemba 2013 Senegal ilimfungia njia ya Kombe la Dunia kwa 1–0 mjini Marrakech. Novemba 2014 Guinea ilimfungia njia ya AFCON kwa 2–0 mjini Casablanca. Kushindwa mara mbili kwenye mechi ya mwisho ni sababu tosha ya kumtimua mtu yeyote. Shirikisho lilimwacha.

Tarehe 4 Septemba 2016 Namboole, Miya aliifunga Comoro bao pekee, na Uganda ikarudi kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 38. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliitangaza Uganda timu bora ya taifa barani ya mwaka huo, na Onyango akawa mchezaji bora wa wale wanaocheza ndani ya Afrika.

Micho aliondoka mwishoni mwa Julai 2017 kwa sababu ya malimbikizo ya mshahara. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti, timu ileile chini ya Moses Basena, aliyeshika usukani kwa muda, iliifunga Misri 1–0 Namboole kwa bao la Okwi. Misri ile ndiyo iliyokwenda Kombe la Dunia. Ushindi ule uliandikwa kwa jina la Basena, na alistahili pongezi zake. Lakini mazoezi ya miaka minne hayafutiki mwezi mmoja baada ya mwenye nayo kupanda ndege.

Huo ndio urithi aliokabidhiwa Desabre mwishoni mwa 2017. Alikuwa na akili ya kutouharibu. Uganda ilifuzu fainali za 2019 ikiwa na mechi moja mkononi, bila kuruhusu bao hata moja mpaka siku ile ya Machi 2019 Taifa Stars ya Tanzania ilipoipiga 3–0 Dar es Salaam. Na Kaddu, mfungaji wa bao la kwanza Cairo, alikuwa mchezaji wa KCCA chini ya Mike Mutebi, kocha aliyekuwa klabuni hapo tangu 2015. Kwa hiyo jioni ile ya Juni, Desabre alishinda kwa kipa wa enzi za kabla ya Williamson, mshambuliaji wa Williamson, viungo wa Micho na mfungaji wa Mutebi. Nampa Desabre heshima yake yote, na ninasema bila kusita kwamba ushindi ule ulikuwa na zaidi ya miaka kumi ndani yake.

Kilichofuata ndicho kinachouma. Desabre aliachana na Uganda Julai 2019, Ibengé na Kongo Agosti. Nchi zote mbili zikaingia gizani kwa wakati mmoja. Uganda ilimchukua Johnny McKinstry, ikakosa fainali zilizofuata baada ya kufungwa 1–0 na Malawi Machi 2021. Ikamrudisha Micho, ikakosa na zile za 2023. Kongo ilimpa timu Christian N'Sengi, ikamaliza nyuma ya Gambia na Gabon katika kundi la kufuzu. Ikamwita Muargentina Héctor Cúper, mtu mwenye jina kubwa duniani, naye akapigwa 4–1 na Morocco Casablanca Machi 2022 na kulikosa Kombe la Dunia. Juni mwaka huo akaanza mechi za kufuzu AFCON kwa kufungwa na Gabon, kisha na Sudan. Hata Burundi, baada ya kuachana na Niyungeko, haijafuzu tena.

Juni ileile ya 2022, tarehe 13, waasi wa M23 waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana. Maelfu walivuka kuingia Kisoro, wakapokewa kwenye kituo cha muda cha Nyakabande, na kutoka hapo malori na mabasi yakawapeleka Nakivale. Kwa hiyo watu wapya wa Rutshuru waliwakuta wazee wa 1996 wakiwa bado wanangoja, na vibanda vya video vikapata wateja wapya wenye majonzi mabichi.

Agosti 2022 Kongo ilimtangaza kocha mpya. Alikuwa Sébastien Desabre, yuleyule wa Cairo.

Alianza akiwa amebeba vipigo viwili vya mtangulizi wake. Juni 2023 aliifunga Gabon 2–0 kwao Franceville, Septemba akaifunga Sudan 2–0, na Kongo ikamaliza kinara wa kundi. Katika fainali zilizofanyika Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, ilitoka sare mechi tatu za makundi, mojawapo dhidi ya Tanzania, sawasawa na ile ya Ibengé mwaka 2015. Kwenye hatua ya 16 bora, San Pedro, tarehe 28 Januari, ilienda matuta na Misri. Mapigo yakaendelea mpaka ikafika zamu ya makipa. Kipa wa Misri Gabaski aligonga mwamba. Kipa wa Kongo Lionel Mpasi akasogea, akapiga, nyavu zikatikisika. Nane kwa saba.

Guinea ikafuata, 3–1. Tarehe 7 Februari ilikuwa nusu fainali dhidi ya wenyeji, Abidjan. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo walifunika midomo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola. Wakati ule mapigano yalikuwa yanakaribia Sake na Goma. Kwa mtu aliyekimbia Masisi au Rutshuru na kupewa kipande cha ardhi Juru, hakuna hotuba ya Umoja wa Mataifa iliyowahi kumsemea waziwazi kama zile sekunde chache kwenye runinga. Kongo ilifungwa 1–0 kwa bao la Sébastien Haller. Ilimaliza ya nne.

Wengi wangetarajia kwamba baada ya hapo Desabre angeondoka kwenda kwenye mshahara mnono, au angeondolewa pale mambo yatakapoyumba. Yaliyumba. Tarehe 9 Septemba 2025, Kinshasa, Kongo iliongoza 2–0 dhidi ya Senegal katika kuwania Kombe la Dunia la 2026, ikafungwa 3–2. Yeyote aliyeikumbuka Tunisia ya 2017 alihisi tumbo linamkaza. Lakini safari hii pia kocha aliachwa. Miezi miwili baadaye, katika mchujo wa Afrika nchini Morocco, Chancel Mbemba aliifunga Cameroon katika dakika za nyongeza, na siku tatu baadaye, tarehe 16 Novemba, Mbemba huyohuyo akapiga penalti iliyoiondoa Nigeria. Kongo ikajikatia tiketi ya mchujo wa mabara. Mbemba alikuwa katika kikosi cha Ibengé cha 2015. Miaka kumi, makocha wawili waliopewa muda, na katikati yao shimo la miaka mitatu la makocha wasiopewa.

Ibengé naye hakufa kisoka. Alibaki Vita hadi 2021, akaenda RS Berkane ya Morocco na kutwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2022, akaenda Al-Hilal ya Omdurman na kukaa nayo wakati wa vita vya Sudan, na mwaka 2025 akatua Azam FC ya Dar es Salaam.

Mpinzani wa hoja yangu yupo, na ana silaha nzuri. Atataja TP Mazembe: 2009 bingwa wa Afrika chini ya Diego Garzitto, 2010 bingwa tena chini ya Lamine N'Diaye, kisha Desemba mwaka huo ikafika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Kocha alibadilika, kombe likabaki. Atataja Vipers ya Uganda, hoja iliyo karibu zaidi na nyumbani. Mbrazil Roberto Oliveira, Robertinho, aliipa ubingwa wa 2022, akaitoa Mazembe kwa matuta Lubumbashi na kuiingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, kisha Januari 2023 akahamia Simba ya Tanzania. Vipers ikamalizia msimu ikiwa na Alex Isabirye, na ikatwaa ligi na Kombe la Uganda kwa pamoja.

Ni kweli tupu. Lakini angalia Vipers ina nini. Ina mmiliki mmoja, Lawrence Mulindwa, aliyeishika tangu ikiwa timu ndogo. Ina uwanja wake, St Mary's Kitende. Ina shule jirani inayomwaga vijana kila mwaka. Mazembe vilevile ilikuwa na rais wake, Moïse Katumbi. Kocha akiondoka pale, kila kitu kingine kinabaki mahali pake, na mrithi anakuta kitanda kimetandikwa. Kwa klabu ya namna hiyo, kocha anaweza kuwa mpita njia.

Linganisha na KCCA. Mutebi aliipa mataji ya ligi ya 2016, 2017 na 2019, Kombe la Uganda mara mbili, Kombe la Kagame la 2019, na mwaka 2018 akaifikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa, ambako iliifunga Al Ahly 2–0 nyumbani. Alikuwa mkali, mwenye maneno, na aliwaamini vijana kupita kiasi machoni pa baadhi ya watu. Machi 2021 akaondolewa. Baada yake wakapita Morley Byekwaso, Mreno Sérgio Traguil, Abdallah Mubiru na wengine, na hadi msimu wa 2024/25 unaisha KCCA ilikuwa haijauona ubingwa wa ligi tena. Kumbe kilichokuwa kimeishikilia timu ile ni mtu.

Na Mbarara je? Mbarara City ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18 na kuwapa watu wa Ankole timu yao wenyewe ya kushangilia kwenye uwanja wa Kakyeka. Timu za Kampala zilikuja zikaondoka na vumbi. Watu walitoka Ntungamo, Bushenyi na Isingiro, na kutoka Nakivale pia, kwa kuwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na siku ya soko Mbarara huweza kugeuka siku ya mechi. Lakini benchi la ufundi halikutulia. Livingstone Mbabazi alipita, Brian Ssenyondo alipita, wengine wakafuata. Mwaka 2022 timu ilishuka daraja. Ilirudi 2023.

Kitende ni mali ya Vipers. Kakyeka si mali ya Mbarara City. Klabu ya namna hii, yenye jukwaa la kuazima na mfuko unaotegemea hisani ya watu wachache, inapombadilisha kocha kila inapofungwa mechi nne, inakuwa imetupa kumbukumbu yake yote. Nani anayejua kwamba beki fulani huchoka dakika ya 70? Nani aliyemwona yule kijana wa Isingiro kwenye mashindano ya shule na kumwahidi majaribio? Kocha. Akienda, ahadi ile inaenda naye, na kijana anarudi kuendesha boda.

Nakivale hali ni ngumu zaidi, ingawa huko hakuna wa kumfukuza kocha. Timu za mitaa hufundishwa na watu wasiolipwa, wengine waliowahi kucheza Bukavu au Bujumbura, wanaonunua mipira kwa fedha zao na kugawa jezi zilezile kwa vikosi viwili. Kocha wa namna hiyo huondoka siku anapopata nafasi ya kuhamishiwa Marekani au Kanada, na hakuna mwenye moyo atakayemlaumu. Watoto wake hubaki na viatu na hawana wa kuwapanga. Ndiyo maana msaidizi ni lazima pale kuliko mahali pengine popote: awepo mtu wa pili anayeyajua majina, nafasi na tabia za vijana wote kabla ndege haijafika.

Waliokuwa vijana wa vibanda vya video miaka ya tisini wanamkumbuka Alex Ferguson. Aliingia Manchester United Novemba 1986, akakaa hadi 1990 kabla ya kombe lake la kwanza, na hadi 1993 kabla ya ubingwa wa ligi. Alipostaafu 2013 alikuwa na mataji 13 ya ligi. Huwa anatajwa kama mfano wa nchi tajiri usiotuhusu. Mimi naona unatuhusu, na sisi tunayo yetu: Ibengé baada ya Tunisia, Micho baada ya Guinea, Desabre baada ya Senegal. Watatu hao walishindwa vibaya, wakaachwa, na kila mmoja akalipa.

Kuachwa pia kuna gharama. Micho hakuondoka kwa kukosa uwezo wala kwa kuchokwa. Aliondoka kwa kutolipwa. Kocha anayedai mishahara hawezi kupanga timu ya miaka mitatu ijayo, kwa sababu hajui kama atalipa kodi ya nyumba mwezi ujao.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa soka wa Mbarara, na wafadhili wanaoleta mipira na mashindano Nakivale: mtakapomwajiri kocha mwingine, mwandikieni mkataba wa misimu mitatu, mlipeni kila mwezi, na mpeni msaidizi kijana kutoka eneo hilohilo atakayebaki siku kocha atakapoondoka. Akifungwa mechi nne mfululizo, muiteni mumuulize, kisha mrudisheni uwanjani Jumatatu.